Mrejesho: miguu ya mama kuvimba, amlodipine si mkosaji peke yake

Wadau, niliuliza kama amlodipine ya presha ndiyo inayomvimbisha mama miguu (ana miaka 63, tupo hapa Tanga). Jibu: kwa sehemu tu. Dawa hiyo huvimbisha vifundo vya miguu, lakini haimfanyi mtu akose pumzi akilala chali mpaka aegemee mito mitatu. Hapo ndipo daktari wa kliniki ya moyo aliposhtuka.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ilionyesha moyo umetanuka upande wa kushoto. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ndiyo iliyomaliza ubishi: kila pigo linatoa asilimia 35 tu ya damu iliyojaa chemba ya kushoto, kawaida ni 55 kwenda juu. Yaani moyo wake umedhoofika, hausukumi damu ipasavyo, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Amlodipine imesimamishwa. Sasa ana furosemide mg 40 asubuhi (ya kutoa maji mwilini kwa mkojo; ukiinywa jioni utakesha chooni), pamoja na enalapril na spironolactone kwa dozi ndogo, za kuusaidia moyo. Bisoprolol, ya kutuliza mapigo ya moyo, itafuata maji yakishapungua mwilini.

Kabla ya kuanza walipima damu: kreatini (huonyesha hali ya figo) na potasiamu (aina ya madini), na vinarudiwa baada ya wiki, maana enalapril na spironolactone zote hupandisha potasiamu, nayo ikizidi mapigo huvurugika. Kwa hiyo madafu, yaliyojaa potasiamu, basi. Hilo limemuuma kuliko kuachishwa ng'onda kwa ajili ya chumvi!

Mizani ni kila asubuhi, akishakwenda haja ndogo, kabla ya chai. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, anarudi kliniki bila kungoja tarehe. Diklofenaki, dawa yake ya maumivu ya magoti, marufuku: inabakiza maji na chumvi mwilini na kuumiza figo.