Niliuziwa macheo ya Himalaya, nikaletewa teksi iliyochelewa: malalamiko kuhusu ziara ya alfajiri Pokhara, Nepal

Ndugu wanajukwaa,

Naandika uzi huu nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio, ili mwenzangu yeyote anayefanya kazi huku Ghuba na anayefikiria kwenda Nepal kwa likizo fupi ajue ni kitu gani hasa kinachouzwa katika mtaa wa Lakeside mjini Pokhara kwa jina la ziara ya macheo yenye mwongozaji. Wakala aliyeniuzia sitamtaja, kwa kuwa malalamiko yangu bado yako mezani kwake. Wanaotaka kunijibu kwamba hali ya hewa ya milimani haina mwenyewe wasijisumbue, kwa sababu ilikuwa mwezi Novemba, mvua zilikwisha zamani, na mbingu za asubuhi ile zilikuwa safi kabisa. Mlima ulikuwepo, jua lilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu niliyemlipa.

Mimi naishi Doha, ambako kila ofisi na kila eneo la ujenzi lina Wanepali, na ni wao walionishawishi kwamba nikienda Nepal nisiishie Kathmandu bali nifike Pokhara, mji ulio kando ya ziwa Phewa chini ya safu ya milima ya Annapurna. Kwa hilo nawashukuru hadi leo. Nilifanya mipango yote kwa ujumbe wa simu kabla ya kusafiri, nikalipa kwa dola, nikapewa orodha ya yaliyomo kwenye bei: gari peke yangu, mwongozaji mwenye leseni, kuchukuliwa hotelini saa kumi na nusu alfajiri, kupanda Sarangkot kutazama mapambazuko, kisha hekalu la Bindhyabasini, bonde la mto Seti, maporomoko ya Devi's Fall, pango la Gupteshwor, Stupa ya Amani ya Dunia (mnara wa ibada wa Kibuddha), na mwisho boti hadi kwenye hekalu la Tal Barahi lililo katika kisiwa kidogo ziwani. Viingilio vyote, iliandikwa waziwazi, vimo.

Saa kumi na nusu nilikuwa mapokezini nimevaa koti. Saa kumi na moja nilikuwa bado mapokezini. Kijana wa zamu alimpigia wakala simu ambayo haikupokewa, akanipa chai, akaniomba radhi kwa kosa ambalo halikuwa lake. Gari lilifika saa kumi na moja na dakika arobaini, likiwa tayari na abiria wengine wawili waliolala, nalo lilipita hoteli nyingine kumchukua mtu wa nne kabla ya kuanza kupanda mlima. Ule upeke wa gari langu uliishia hapo.

Kwa wasioijua Sarangkot, ni lazima nieleze kwa nini dakika zile zina thamani. Pokhara iko kwenye mwinuko wa mita 800 na kitu hivi juu ya usawa wa bahari, na Sarangkot ni kilima kilicho juu yake chenye mita 1,600 hivi, ambako barabara hupanda kwa kona nyingi na katika msimu wa watalii hujaa magari yote yakielekea mahali pamoja kwa saa ileile. Mtu haendi kule kulitazama jua lenyewe, kwa sababu Novemba jua huchomoza kusini mashariki ilhali milima iko kaskazini. Anakwenda kuitazama milima inavyopokea mwanga. Vilele virefu, kwa kuwa viko juu sana, huguswa na jua dakika kadhaa kabla halijamfikia aliyesimama kilimani, na katika muda huo mfupi theluji hubadilika kutoka kijivu hadi rangi ya waridi, kisha dhahabu, kisha nyeupe ya kawaida. Baada ya hapo milima hubaki kuwa mizuri, lakini ni uzuri ambao mtu anaweza kuuona bure akiwa hotelini anakunywa chai. Kilichouzwa ni zile dakika.

Jua la Pokhara katikati ya Novemba huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye foleni ya magari katika kona, nikiiona dhahabu yangu vipande vipande kati ya nguzo ya umeme na paa la bati la duka, kupitia kioo cha gari kilichojaa unyevu wa pumzi za abiria wenzangu watatu waliokuwa wakilala. Tulipofika juu watalii wengine walikuwa wanateremka, wakipishana nasi na simu zao mkononi, wengine wakituonea huruma waziwazi. Mtu aliyekulia Moshi hahitaji kufundishwa kwamba mlima mkubwa huwa na saa zake za kujionyesha na za kujificha, na kwamba hauna desturi ya kumngoja dereva.

Sasa nije kwa mwongozaji. Hakuwepo. Alikuwepo dereva, kijana mpole ambaye kila nilipomuuliza jambo alitabasamu na kusema yote ni Annapurna. Nilimwomba anionyeshe Annapurna ya Kwanza, akaninyooshea kidole kwenye Machhapuchhre, akaongeza kwamba una zaidi ya mita 8,000. Machhapuchhre una mita 6,993. Hilo si kosa dogo katika mji ambao riziki yake yote inategemea milima hiyo, na kwa kweli ndilo jambo la kwanza ambalo mwongozaji angetakiwa kulieleza: kwamba kilele kile chenye ncha mbili kinaonekana kirefu kuliko vyote kwa sababu kiko karibu na mji na kimesimama peke yake, wakati Annapurna ya Kwanza yenye mita 8,091 iko nyuma zaidi na kwa hiyo macho huipunja. Angeeleza pia kwamba Machhapuchhre huheshimiwa kama mlima mtakatifu wa Shiva, mungu wa Wahindu, na hauruhusiwi kupandwa, na kwamba Waingereza waliojaribu mwaka 1957 walisimama karibu na kilele na kugeuka. Angeeleza kwamba Annapurna ya Kwanza ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupandwa miongoni mwa milima yote yenye zaidi ya mita 8,000, pale Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walipofika kileleni mwaka 1950, miaka mitatu kabla ya Everest. Haya nilikuwa nimeyasoma mwenyewe kabla ya safari. Nililipia mtu wa kunieleza nisiyoyajua, na nikaishia kuwaeleza abiria wenzangu niliyoyajua.

Aliyetuokoa ni mama mmoja mwenye mkahawa, ambaye juu ya paa lake tulipelekwa baada ya kuambiwa kwamba mahali pa kawaida pa kutazamia pamejaa. Kukaa juu ya paa hilo kulihitaji kununua chai, jambo ambalo sina tatizo nalo. Mama yule, kwa Kiingereza cha kuunga unga, alitutajia vilele vyote kutoka magharibi hadi mashariki: Dhaulagiri ya mita 8,167 ikiwa mbali upande wa kushoto, Annapurna Kusini, Hiunchuli, Machhapuchhre, kisha Annapurna ya Tatu, ya Nne na ya Pili, na Lamjung Himal upande wa kulia. Aliitaja bila kukosea na bila kuombwa, kwa bei ya kikombe cha chai yenye tangawizi. Kama yule wakala angemwajiri yeye, uzi huu usingekuwepo.

Hapo hapo juu ya paa ndipo nilipogundua jambo jingine lililonikera kuliko hata ucheleweshaji. Picha iliyotumika kuninadia ziara ilionyesha Machhapuchhre umejiakisi ndani ya maji ya ziwa Phewa, na chini yake pameandikwa macheo ya Sarangkot. Sarangkot iko upande wa kaskazini wa ziwa. Ukisimama pale ukaitazama milima, ziwa linakuwa mgongoni mwako. Picha ile haiwezi kupigwa Sarangkot na mtu yeyote aliye hai, kwa kuwa hupigwa kutoka ufukweni au ukiwa ndani ya boti asubuhi maji yakiwa yametulia. Mwenyeji wa Pokhara anayefanya biashara ya utalii hawezi kudai kwamba hajui mlima uko upande gani na ziwa upande gani. Anajua, na anajua pia kwamba mgeni hajui. Huko kwetu tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Bindhyabasini tulipita kwa dakika chache. Bonde la Seti, ambako mto hupita chini kabisa ya mji kwenye mfereji mwembamba wa miamba, tulionyeshwa kutoka darajani bila kushuka kwenye gari. Kwenye Devi's Fall na pango la Gupteshwor, ambavyo vimetenganishwa na barabara tu, tuliambiwa tukate tiketi wenyewe kwa fedha taslimu, licha ya ile orodha niliyokuwa nayo kwenye simu. Tuliingia. Hakuna aliyetueleza kwamba maji yanayodidimia ardhini upande mmoja yanatoka ziwa Phewa, na kwamba ndiyo hayohayo unayoweza kuyaona tena ukishuka hadi mwisho wa pango upande wa pili, ingawa huo uhusiano ndio sababu ya vivutio hivyo viwili kutembelewa pamoja. Wenzangu wawili hawakuona hata haja ya kushuka pangoni.

Muda wa duka, hata hivyo, ulipatikana. Tulipelekwa kwenye duka la mazulia na shali za pashmina na mabakuli ya shaba yanayotoa mlio, mahali ambapo hapakuwemo kwenye orodha, tukakaa muda mrefu kuliko tuliokaa Sarangkot. Nilipouliza kwa nini, dereva alisema kwa unyonge kwamba ni lazima apite, kwa kuwa kamisheni ya duka ndiyo inayofidia kile asicholipwa na wakala. Nilimwamini. Kwa hiyo naomba sana mtu asichukue uzi huu kuwatukana madereva wa Pokhara. Huyu aliamshwa usiku wa manane, akapewa abiria wa hoteli mbalimbali, akaambiwa awe dereva na mwongozaji kwa ujira wa dereva, tena ujira usiotosha. Fedha yangu ilibaki kwa aliyekaa nyuma ya meza.

Stupa ya Amani, iliyojengwa na watawa wa Kibuddha wa Kijapani juu ya kilima cha upande wa kusini wa ziwa, ilifutwa kwa maelezo kwamba muda umekwisha. Boti nayo ilikuwa hivi: niliachwa gatini, nikaoneshwa kibanda cha tiketi, nikaagwa. Nililipa mwenyewe kulingana na bei zilizobandikwa ubaoni, nikavaa jaketi la kujiokolea, nikapelekwa Tal Barahi na mpiga makasia ambaye alifanya kazi yake vizuri kabisa. Ilikuwa sehemu pekee ya siku iliyokwenda kama inavyotakiwa, na ndiyo sehemu pekee ambayo wakala hakuhusika nayo.

Nilipokwenda ofisini mchana huo kudai haki yangu, nilipewa utetezi ambao bado siuamini. Wakala aliniambia kwamba huenda saa yangu ilikuwa bado inasoma majira ya Doha. Nepal iko mbele ya Doha kwa saa mbili na dakika arobaini na tano, na ni kweli kwamba tofauti hiyo isiyo ya saa kamili huwachanganya wageni. Lakini kama saa yangu ingekuwa ya Doha, saa kumi na nusu yangu ingekuwa saa moja na robo asubuhi ya Nepal, wakati jua limekwisha kupanda na sisi tukiwa tayari juu ya paa la yule mama. Gari lao lisingenikuta nimesimama mapokezini gizani, na kijana wa zamu asingekuwa na sababu ya kuwapigia simu. Nilimweleza hesabu hiyo taratibu, na akahamia kwenye utetezi wa pili, kwamba macheo ni zawadi ya Mungu na hakuna anayeweza kuyahakikisha. Mungu alitoa zawadi yake kwa wakati. Aliyepokea dola ndiye aliyechelewa.

Nepal ina leseni rasmi za waongozaji watalii, na wanaozipata husomea kazi hiyo. Nilikutana baadaye na mmoja wao aliyekuwa na kitambulisho shingoni, akaniambia kwamba mteja ana haki ya kuomba kukiona kabla gari halijaondoka. Madai yangu kwa wakala ni haya: anirudishie gharama ya mwongozaji ambaye hakuja, tofauti kati ya gari la peke yangu na gari la kuchangia, viingilio vyote na boti, pamoja na stupa ambayo sikupelekwa. Sidai fidia ya machungu. Ujumbe wangu umesomwa, alama zinaonekana, na jibu pekee nililopata ni ofa ya punguzo nikirudi tena mwakani.

Nimeandika pia barua kwa Polisi wa Utalii wa Pokhara, nikaambatanisha orodha ya mwanzo, risiti ya malipo na picha zenye saa zake, lakini nimekwisha kurejea Doha na naona kila siku inayopita inampa wakala nafuu. Kama yupo humu aliyewahi kurudishiwa fedha na wakala wa Nepal akiwa ameshaondoka nchini, naomba anieleze alipitia ofisi gani, alitakiwa kupeleka nini, na kama benki aliyolipia ilimsaidia au ilimzungusha.