Kuzungumza na wanafunzi kuhusu somo la Mto Sabaki: niulize nini?

MwalimuMalindi
Assalamu alaikum walimu. Nafundisha jiografia ya maumbile mwaka wa kwanza chuo kikuu, na somo la nje tunafanyia hapa Malindi, Sabaki inapomwagikia baharini. Nataka kutathmini ufundishaji wangu kwa kuzungumza na wanafunzi wenyewe, si kwa fomu za mwisho wa muhula tu. Nikiuliza "mmeelewa?" wote huitikia ndiyo, kisha mtihani unaonyesha vingine. Mazungumzo niyapange vipi?

Shela_Jio
Wa alaikum salaam mwalimu. Swali hilo adabu inamjibia mwanafunzi. Anza na kazi ya mkono. Chukua wanafunzi 6 wa viwango tofauti, si wasemaji peke yao. Kila mmoja apewe karatasi tupu na dakika 10, achore pwani toka Mambrui, kaskazini ya mto, hadi Malindi mjini, aonyeshe kwa mishale tope la mto linaelekea wapi wakati wa kusi (upepo utokao kusini) na wapi wakati wa kaskazi (utokao kaskazini). Kisha umuulize mmoja mmoja: "Mshale huu, kwa nini umeelekea huku?" Unyamaze mpaka amalize.

Hapo ndipo penye faida. Kuna atakayechora mshale mmoja wa mwaka mzima, ilhali kaskazi ndiyo isukumayo tope kusini kwenye ghuba ya Malindi, na kusi hulirudisha upande wa Mambrui. Mwingine atachora kusi ikivuma kwenda kusini. Mtoto wa mvuvi hakosei hapo. Aliyetoka bara hukosea, wala si uvivu: hakuna aliyemwambia kwamba upepo huitwa kwa utokako. Hilo urekebishe kwenye somo lako.

Mikoko_Lamu
Naongezea: usimsahihishe papo hapo. Ukianza kufundisha tena, wataanza kukupa majibu ya mtihani. Ngoja alama za kozi zitoke kwanza, au mwenzako wa idara nyingine aongoze kikao nawe usiwepo. Kurekodi ni kwa idhini yao, na wajue nani atasikiliza.

Siku hiyo hiyo gawa ukurasa mara mbili: kushoto maneno yao kama yalivyotoka, kulia unavyoyaelewa wewe. Ukiyachanganya utasoma ulichotaka kusikia.

MwalimuMalindi
Shukran sana. Na wakilalamikia safari yenyewe, kwamba hawakuona kitu?

Shela_Jio
Waamini, kisha uulize: "Mlisimama wapi, saa ngapi?" Mara nyingi sababu ni maji. Mkifika yamejaa, mafungu ya mchanga yamefunikwa na hakuna cha kupima. Tazama jedwali la maji kujaa na kutoka kabla ya kukodi basi, mchague siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi, mwezi mwandamo au mpevu, mfike saa moja kabla maji hayajatoka kabisa. Yakianza kujaa, wote watoke mchangani.

Badilisha jambo moja tu kwa mara moja, uwaambie wiki ifuatayo lipi limebadilika na lipi halikuwezekana, na kwa nini. Baada ya somo jipya wape tena karatasi tupu, wachore mishale ile ile, uilinganishe na ya kwanza.