Ganzi ya mikono kwenye baiskeli ya mbio: gumzo la kikundi cha familia

JUMAPILI

Idrisa: Shikamooni wakubwa. Nimerudi salama kutoka Bagamoyo. Ila mikono, jamani! Nikifika Mapinga ganzi inaanza, nikifika Kerege nabadilisha gia kwa kuangalia kidole kimekaa wapi maana sikisikii.

Shangazi Zaituni: Marahaba mwanangu. Hapo damu haitembei. Kapime na sukari, usidharau.

Mama: Marahaba. Pole baba. Umekula?

Idrisa: Nimekula mama.

Hassani: Pole binamu. Tafuta glavu zenye jeli.

Idrisa: Ninazo. Zilisaidia mwanzoni, sasa hivi hata sioni tofauti.

Mwajuma: Idrisa, ganzi ipo vidole gani? Usiniambie mkono wote. Vitaje.

Idrisa: Shikamoo dada. Kidole cha mwisho chote, na cha pete ule upande uliopakana nacho. Gumba, shahada na cha kati wazima. Mkono wa kushoto ndio umezidi.

Mwajuma: Marahaba. Basi inayolalamika ni neva ya ulna, yaani mshipa wa fahamu wa upande huo wa mkono. Bonyeza kiganja chako kule chini karibu na kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Umekisikia kifupa cha mviringo kimetokeza? Pembeni yake neva inapita kwenye kijia chembamba, mfereji wa Guyon. Hapo haina nyama ya maana ya kuilinda. Ukiegemea usukani kwa sehemu hiyo saa nzima, na lami inatetemesha, inabanwa. Tunawapokea sana waendesha baiskeli wenye hali hii.

Mwajuma: Ingekuwa gumba, shahada na cha kati, ningefikiria neva nyingine, ile inayopita katikati ya kifundo. Hiyo husumbua zaidi mtu akikaa muda mrefu na kifundo kimekunjwa. Ndiyo maana nimeuliza vidole.

Shangazi Zaituni: Kwa hiyo sukari asipime?

Mwajuma: Apime shangazi, hakuna ubaya. Ila ganzi ya sukari kwa kawaida huanzia miguuni, na haina habari kama umepanda baiskeli au umelala. Idrisa, ukishuka inachukua muda gani kuisha?

Idrisa: Nikipungapunga mikono inaanza kurudi. Nikishaoga imekwisha.

Mwajuma: Usiku haikuamshi?

Idrisa: Hapana.

Mwajuma: Fanya hivi sasa hivi. Chukua karatasi, ibane kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada, gumba limenyooka. Mama aivute. Fanya mkono mmoja, halafu wa pili. Nataka kujua kama gumba linajikunja ili lishike, au karatasi inachomoka kirahisi.

Mama: Nimevuta. Karatasi imechanika, haijachomoka. Mikono yote.

Mwajuma: Alhamdulillah, misuli ipo vizuri. Sikiliza mdogo wangu: siku ganzi itakapobaki mpaka kesho yake, au ukianza kuangusha vitu, au kufunga vifungo vya shati kukawa shida, unaacha baiskeli na kwenda hospitali. Neva iliyobanwa muda mrefu inachelewa sana kupona. Kwa sasa tuirekebishe baiskeli yenyewe. Mjomba yupo?

Mjomba Shabani: Nipo, nilikuwa saiti. Idrisa, piga picha ya baiskeli kwa ubavu. Iegemeze ukutani, magurudumu yote kwenye sakafu iliyo sawa, simu iwe usawa wa siti. Usiinamishe simu.

Idrisa: Shikamoo mjomba. Sawa.

Idrisa: [Picha]

Mjomba Shabani: Marahaba. Sasa weka pima maji juu ya siti, kutoka nyuma mpaka puani, ile ncha ya mbele. Kama huna, weka ubao ulionyooka halafu simu juu yake, simu nyingi zina pima maji ndani.

Idrisa: Inasoma nyuzi 7. Pua iko chini.

Mjomba Shabani: Nimeiona hata kwenye picha. Nani aliinamisha?

Idrisa: Fundi mmoja. Nilimwambia siti inaniumiza, akainamisha pua, maumivu yakapungua.

Mjomba Shabani: Yamehama. Siti ikiinama mbele, makalio yanateleza kwenda puani muda wote, na kinachokuzuia usiteleze ni mikono. Unausukuma usukani kutoka Tegeta mpaka Bagamoyo bila kujua. Mkono kwenye baiskeli una kazi mbili, kuelekeza na kushika breki. Kifua kinatakiwa kibebwe na siti, mgongo na miguu.

Hassani: Mjomba shikamoo. Mbona siku ya mashindano ya dunia ya baiskeli hapa Kigali, Septemba 2025, tuliona usukani wa wale jamaa uko chini kabisa, chini ya siti? Pogačar amelala pale kilomita 267 na akashinda.

Mjomba Shabani: Marahaba Hassani. Uliona vizuri, ila angalia na miguu. Mtu anayekanyaga kwa nguvu zile, kila akisukuma pedeli mguu unamnyanyua. Mwili wake wa juu unabebwa na mguu, mikono imelala tu. Idrisa akienda mwendo wake wa Jumapili, mguu unasukuma kidogo, kifua kinatua kwenye viganja. Akiiga mkao ule bila nguvu ile, ataumia.

Mwajuma: Na wale tumbo na mgongo vimefanyishwa kazi miaka. Umesema kweli mjomba.

Idrisa: Kwa hiyo nisawazishe siti, halafu nipandishe usukani?

Mjomba Shabani: Siti kwanza. Usukani usiuguse leo. Ukigusa vitu viwili kwa siku moja hutajua kilichosaidia.

Mjomba Shabani: [Sauti, 2:14]

Mama: Kaka, sauti ndefu wengine hatuna bando. Andika.

Mjomba Shabani: Haya dada. Siti iwe sawa na pima maji. Ikiwa bado inakuumiza mbele, ruhusu pua ishuke nyuzi 1 au 2, isizidi. Kisha urefu: kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kuinamisha nyonga upande. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki na mkunjo mdogo, hapo ndipo. Siti ikizidi urefu, nyonga zinacheza kulia na kushoto, na wewe unajishikilia kwa mikono.

Idrisa: Kuna hesabu niliona, urefu wa ndani wa mguu mara 0.883. Wangu ni sm 84, inatoka sm 74 na kidogo, kutoka katikati ya ekseli ya pedeli mpaka juu ya siti.

Mjomba Shabani: Ekseli ya katikati, ile inayobeba kranki (mikono ya pedeli), siyo ya pedeli. Ni mahali pazuri pa kuanzia. Kisigino kikipingana na hesabu, mimi nafuata kisigino.

Shangazi Zaituni: Samahani kwa kuingilia, mchango wa harusi ya Rehema mwisho Ijumaa. Wanaodaiwa wanajijua.

Idrisa: Sawa shangazi.

Mjomba Shabani: Limebaki jambo ambalo wengi wanalifanya kinyume. Mtu akiona usukani uko mbali, anasogeza siti mbele ili aufikie. Mikono inazidi kufa. Siti ikisogea mbele, makalio yanakuwa juu ya miguu na kifua kinabaki hakina cha kukisawazisha, lazima kidondoke mbele. Ukirudisha siti nyuma, makalio yanakuwa upande mmoja wa miguu na kifua upande wa pili. Mwili unajisimamisha wenyewe.

Idrisa: Nitajuaje kama yangu iko mbele mno?

Mjomba Shabani: Tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Kanyaga mwendo wa kawaida, mikono juu ya breki. Sasa viganja viache usukani kidogo tu, sentimita moja, usinyanyue mgongo. Kama unabaki ulipo, siti iko pazuri. Kama unaanguka mbele na kuudaka usukani, irudishe nyuma.

Mjomba Shabani: Kabla ya kulegeza, chora alama kwa kalamu kwenye reli ya siti. Rudisha milimita 5, ujaribu tena. Ukiirudisha sana, ishushe kidogo, maana kurudi nyuma kunaiweka mbali na pedeli. Na usivuke mwisho wa alama za reli.

Mwajuma: Magoti yasikilizwe. Likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini au mbele mno. Likiuma kwa nyuma, iko juu au nyuma mno.

Mjomba Shabani: Timazi yangu inakusubiri kama utataka kuhakikisha. Pedeli zikiwa sambamba na ardhi, uzi ukiteremka kutoka chini ya kokwa ya goti la mbele unapita karibu na ekseli ya pedeli. Akiwa nyuma kidogo ya hapo mtu mwenye ganzi, sina ugomvi naye.

JUMATATU

Idrisa: Shikamooni. Nimesawazisha siti na kuirudisha milimita 10. Jana jioni nilipofanya lile jaribio la viganja kabla ya kurekebisha, nilidaka usukani mara moja. Leo asubuhi nimebaki juu kama hatua nne hivi za pedeli. Nilizunguka Boko na kurudi, ganzi kidogo sana, kushoto tu.

Mama: Na sukari amepima, 5.1 kabla ya kula. Nilimsimamia.

Shangazi Zaituni: Mashallah. Sasa nimetulia.

Mwajuma: Vizuri sana. Kushoto ndiko unakoshika muda mrefu, kwa sababu mkono wa kulia unachukua chupa na kubadilisha gia za nyuma. Nitumie picha ukiwa umepanda, mikono juu ya breki. Mama akupigie.

Idrisa: [Picha]

Mwajuma: Viwiko umevifunga. Vimenyooka kabisa, kila shimo la barabara linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiganja. Vikunje kidogo, vielekee chini. Na kifundo umekikunja kwenda juu. Mkono ukae kama unampa mtu mkono wa salamu, umenyooka kutoka kiwiko mpaka vidole.

Idrisa: Nikinyoosha kifundo, vidole havifiki breki vizuri.

Mjomba Shabani: Kwa hiyo usukani umezungushwa chini. Legeza boliti nne za mbele ya stemu, kile kipande kinachoshika usukani, uuzungushe juu kidogo mpaka sehemu ya kupumzisha mkono na kichwa cha breki vifanye mstari mmoja, bila bonde katikati. Kaza kwa kupishanisha, juu kushoto, chini kulia, nafasi za pande zote ziwe sawa. Nguvu ya kukazia imeandikwa kwenye stemu yenyewe, nyingi ni Nm 5. Kama ni kaboni, usikaze kwa kukisia.

Idrisa: Imeandikwa 5. Usukani ni wa aluminiamu.

Hassani: Na upepo binamu unajaza kiasi gani?

Idrisa: Gereji wananijazia 120 psi. Tairi ni upana wa milimita 25.

Hassani: Nyingi mno! Una kilo 72. Mimi ni mzito kuliko wewe, na hapa natumia 80 mbele, 85 nyuma, tairi kama zako. Zile tairi ngumu hazikupi mwendo kwenye lami yenye kokoto, zinakutetemesha tu.

Mjomba Shabani: Hassani amesema. Na siku ukibadilisha tairi, angalia kama fremu na breki zinapokea 28, ushuke mpaka 70 na kitu. Mbele iwe pungufu ya nyuma daima.

Mwajuma: Na ubadilishe mahali pa kushika. Juu katikati, juu ya breki, pembe za chini. Usingoje ganzi ije ndipo uhame. Ikishakuja neva imeshakasirika.

Idrisa: Glavu je, niziache?

Mwajuma: Vaa, zinakulinda ukianguka. Ila angalia sponji yake imekaa wapi. Ikiwa donge nene limekaa juu ya kile kifupa, linaongeza mgandamizo palepale. Nzuri ni zile zenye sponji pembeni na mfereji katikati.

IJUMAA

Shangazi Zaituni: Mchango umetimia. Mungu awabariki wote.

Idrisa: Amina shangazi. Mjomba, nimeenda mpaka Zinga leo. Kulia hakuna kitu. Kushoto imekuja mwishoni, ikaondoka nilipohamia pembe za chini.

Mjomba Shabani: Sasa tuuguse urefu wa usukani. Chini ya stemu kuna ringi ngapi?

Idrisa: Hakuna. Juu yake zipo mbili. Stemu imeandikwa 100, -6, yaani urefu wa milimita 100 na mwinamo wa nyuzi -6.

Mjomba Shabani: Vizuri, tuna nafasi bila kununua kitu. Hizo ringi mbili tunazishusha chini ya stemu, usukani unapanda kwa unene wake. Tukiona haitoshi, tunaigeuza stemu yenyewe, kichwa chini, na kwa urefu huo inakupa kama sm 2 nyingine. Stemu fupi tusiifikirie kwanza, maana inabadilisha jinsi baiskeli inavyokata kona.

Idrisa: Nifanye mwenyewe leo?

Mjomba Shabani: Unaweza. Legeza boliti mbili za ubavuni za stemu, kisha fungua boliti ya juu kwenye kifuniko. Panga ringi. Ukirudisha, anza na ya juu, kaza kidogo tu mpaka mchezo, yaani kule kulegea, uishe. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, weka kidole kwenye maungio ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kikisikia mgongano, ongeza kidogo. Usukani ukigoma kugeuka kirahisi, punguza. Hapo ndipo unanyoosha stemu na gurudumu la mbele na kukaza za ubavuni. Ukianza na za ubavuni, ile ya juu haifanyi kazi tena.

Mama: Kaka, mimi nisingependa ajaribu breki na foku peke yake halafu aende barabara kuu.

Mjomba Shabani: Uko sahihi dada. Idrisa, ilete Boko kesho saa moja asubuhi, kabla sijaenda saiti. Njoo na alenki, zile funguo za boliti, ya 4 na ya 5, za kwangu zimepotea. Na tepu ya usukani uje nayo, hiyo uliyonayo imeisha kushoto, nitakuzungushia mbili mbili pale mkono unapokaa.

Idrisa: Ninayo moja tu, nyeusi.

Mjomba Shabani: Ya zamani usiitupe, itakaa chini ya mpya.