James Earl Jones: nianze na jukwaa au filamu?

Mdau_Sanaa: Wakuu, naandaa mada ya dakika 20 kuhusu James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani. Kila orodha inaanza na Darth Vader, yule adui wa filamu za *Star Wars*, 1977. Je, aliyevaa lile vazi jeusi ni yeye? Na tuzo zake: wengine wanasema alizoa zote nne kubwa, yaani Tony (jukwaa), Emmy (televisheni), Grammy (rekodi za sauti) na Oscar (filamu), wengine wanakataa.

PaziaJekundu: Mkuu, ukianza na 1977 umeruka nusu ya mtu. Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, alipanda 1958, kisha akaigiza Shakespeare kwa miaka mingi chini ya mtayarishaji Joseph Papp hapo hapo New York. Uzito wa mada uweke kwenye mchezo wa *The Great White Hope*: ulianza ukumbi wa Arena Stage, Washington, 1967, ukaingia Broadway 1968, na 1969 ukampa Tony. Mhusika ni bondia aliyechorwa kwa kumfuata Jack Johnson, Mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia uzito wa juu. Kwenye filamu yake ya 1970 wamo yeye na Jane Alexander, wote kutoka jukwaani. Onyesha kipande chake: anaigiza kwa ukubwa wa ukumbi, kana kwamba anamtafuta mtazamaji wa safu ya mwisho, ilhali kamera iko karibu. Kisha weka *King Lear* ya 1973, iliyorekodiwa mbele ya watazamaji Central Park. Hapo utamwona alivyokuwa jukwaani kwenyewe.

Sauti_Nzito: Vazini alikuwa David Prowse. Jones aliingiza sauti studio baada ya picha kupigwa, na jina lake halikuwekwa kwenye filamu mbili za kwanza. Aliichukulia kama sehemu ya madoido maalumu ya filamu (special effects) tu. Jina lilionekana kwenye ya tatu, 1983.

Angalia mtego mwingine: mchezo wa *Fences* wa August Wilson ulimpa Jones Tony ya pili 1987, lakini filamu ya 2016 ni ya Denzel Washington. Ukichukua kipande huko, utakuwa unamwonyesha mtu mwingine.

Usiache kutaja kigugumizi chake. Utotoni kilimnyamazisha kwa miaka, mpaka mwalimu wake Michigan akagundua anaandika mashairi, akamtaka ayasome mbele ya darasa. Hakikuisha kabisa, maneno yaliyokwisha kuandikwa ndiyo yaliyompa njia.

PaziaJekundu: Kuhusu tuzo: Tony mbili, Emmy mbili za Primetime (zote 1991) na Grammy ya 1977 alizishinda kwa kushindana na wengine. Oscar ya 2011 ni ya heshima, hakushindana na mtu. Anayehesabu za ushindani pekee atakuambia aina tatu kati ya nne. Kwenye slaidi andika "Oscar ya heshima", swali litakuwa limejibiwa kabla halijaulizwa.