Alfa imetoka 0.84 lakini walimu wanajaza sifuri tupu, dodoso la sonona nilifanyeje?

Neema_Ushauri

Wakuu habari za jioni, naomba mawazo yenu hasa mliopita masta ya saikolojia ya ushauri au mnaofanya kazi kliniki. Utafiti wangu ni sonona kwa walimu wa sekondari waliopangiwa shule za vijijini huku mkoani Dodoma na namna wanavyokabiliana nayo. Dodoso ni PHQ-9, yale maswali tisa ya hali ya mtu kwa wiki mbili zilizopita, kila swali 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa 27. Nimelitafsiri mwenyewe, nimelijaribu kwa walimu wachache nikaingiza SPSS (programu ya takwimu), alfa ya Cronbach, ile namba ya kuonyesha maswali yanavyopatana, ikatoka 0.84. Supavaiza kasema imevuka 0.7 kwahiyo dodoso ni halali, nikaendelee kukusanya data.

Kinachoninyima raha ni nilichokiona kwenye majaribio. Fomu aligawa mkuu wa shule pale ofisi ya walimu, watu wamekaa wanatazamana, dakika chache wamemaliza, na nyingi zimerudi sifuri kuanzia la kwanza mpaka la tisa. Halafu hao hao wa sifuri baadhi wakanifuata nje wakaanza kufunguka, mmoja hapati usingizi tangu ahamishwe, mwingine analia usiku akiwa peke yake. Kwenye karatasi hao ni wazima kabisa!! Na mjumbe mmoja wa jopo anataka niache PHQ-9 nichukue ya Beck, dodoso jingine la sonona, kwa sababu ina maswali 21, eti itachimba zaidi. Je alfa hii inatosha? Nibadilishe dodoso? Sitaki kuandika ripoti inayosema walimu wako salama wakati nimewasikia kwa masikio yangu.

Takwimu_Kwanza

Dada Neema pole na kazi, na hongera kwa kutoridhika na namba. Alfa inakwambia kitu kimoja tu, kwamba maswali yako yanapanda na kushuka pamoja, mtu akijibu juu hapa basi na pale anajibu juu. Haikwambii yanapima nini. Angalia mwenyewe, swali la usingizi, la uchovu, la hamu ya kula, la kushindwa kutulia kwenye jambo moja, hayo manne mwalimu mwenye vipindi vingi na darasa lililofurika atayajibu juu yote hata kama hana sonona, na alfa itakuwa nzuri sana, kumbe umepima uchovu wa kazi. Vilevile watu wakijaza sifuri kwa pamoja kwa woga, nao wanapatana vizuri mno, na alfa haiwezi kukuonyesha woga. Kwahiyo 0.84 ni uthabiti wa ndani, uhalali ni shughuli nyingine na inahitaji ushahidi wake.

Ushahidi wenyewe unapatikana hivi, unachukua sehemu ya walimu wako, wenye skoa za juu na wenye skoa za chini wote (usichukue wa juu peke yao), wanahojiwa na mtaalamu wa afya ya akili ambaye hajaona skoa zao, kisha unalinganisha. Wenye PHQ-9 yao walifanya hivyo hivyo. Kroenke na wenzake walipoitoa 2001 walikuwa na wagonjwa 6,000 huko Marekani, na 580 kati yao wakahojiwa na wataalamu, ndipo wakapata kwamba kuanzia 10 kwenda juu inawakamata 88% ya wenye sonona kubwa na kuwaacha nje 88% ya wasio nayo. Hiyo 10 kila mtu anainakili siku hizi ilitoka kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani, haikutoka kwa walimu wa Dodoma.

Halafu tufanye hesabu maana hapa watu wengi wanapotea. Tuseme unapima walimu 200 na kweli 10% wana sonona, yaani 20. Kwa ile 88% utawakamata kama 18. Wasio nayo ni 180, na 12% yao watavuka 10 kimakosa, hao ni kama 22. Jumla waliovuka ni 40 na wenye sonona hawafiki nusu. Na hapo dodoso limefanya kazi vizuri kama lilivyofanya kwao! Ndio maana usije ukaandika "walimu 40 wana sonona", andika wamevuka kiwango cha uchujaji na wanahitaji kuangaliwa zaidi.

Na kama kichwa cha utafiti kina neno "athari za mazingira ya vijijini" litoe. Unapima mara moja tu, utaonyesha uhusiano, hutaonyesha kipi kimeleta kipi. Inawezekana mwenye sonona ndiye anayeyaona mazingira ni magumu zaidi. Hili linawaangusha watu kwenye utetezi kila mwaka na ni kosa la neno moja.

Kaunsela_Wodini

Mdogo wangu Neema, mimi niko hospitali, nitaongelea alipogusia juu juu mwenzangu. Zile sifuri sio za dodoso, ni za mkuu wa shule. Huyo ndiye anayemwandikia mwalimu ripoti, anayempa ruhusa, anayejua uhamisho wake umekwama wapi, wewe umempa agawe na akusanye fomu inayouliza kama mtu anajiona ameshindwa maisha, nani atajaza 3? Hata ningekuwa mimi ningejaza sifuri nikarudi darasani. Wale waliokufuata nje walikuwa wanakupa jibu la kweli mahali pa kweli. Kwahiyo kabla hujahama kwenda Beck, badilisha mahali, badilisha mtu anayegawa, fomu isiwe na jina wala namba ya utumishi, iwekwe kwenye bahasha na mjazaji aifunge mwenyewe. Wengine uwasomee maswali faragha kama wanapenda hivyo, lkn amua njia moja mapema na uiandike kwenye ripoti, maana mtu anayesomewa na anayejaza peke yake hawajibu sawasawa.

Sasa swali la tisa. Linauliza kama mtu amewaza kwamba ni bora afe au ajidhuru. Nakuuliza kwa uchungu kabisa: mwalimu akiweka 3 pale na fomu haina jina, utamfikiaje? Ukikusanya leo ukaingiza SPSS mwezi ujao, huyo mtu amekaa mwezi mzima na wewe una karatasi yake kwenye mkoba. Lazima mpango uwepo kabla fomu ya kwanza haijatoka. Njia ninayoipenda ni kila bahasha iwe na karatasi yenye namba ya mshauri na kituo cha afya kilicho karibu, na wewe ubaki eneo hilo hilo baada ya kukusanya, uwe umetangaza kwa wote kwamba anayetaka kuongea upo, ili anayekuja asionekane amekuja kwa ajili ya lile swali. Ukichagua kutumia namba za siri, awepo mtu mmoja tu mwenye orodha na uangalie swali la tisa siku ile ile. Kwenye fomu ya ridhaa sema wazi ni wakati gani utavunja usiri na utamwambia nani. Kumbuka kwa sheria za Tanzania kujaribu kujiua ni kosa, kwahiyo mtu anaogopa aibu, anaogopa kazi, na anaogopa polisi pia. Usimlaumu akificha.

Kuna watu wanalitoa swali la tisa wanabaki na manane ili wasipate usumbufu. Inaruhusiwa, ipo PHQ-8 kwa ajili hiyo hasa kwa tafiti ambazo hakuna wa kumfikia mtu haraka. Kama huna mtaalamu wa kumpokea huyo mtu, chukua hiyo ya manane kwa moyo mweupe na ueleze sababu.

Jirani_wa_Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Dada, kwanza usitumie tafsiri yako peke yako wakati Kiswahili cha PHQ-9 kipo. Huku Eldoret ilipimwa kwa watu wanaoishi na VVU, matokeo yakatoka 2009, na huko kwenu Dar pia imeshafanyiwa kazi. Tafuta hizo, linganisha na yako sentensi kwa sentensi, lakini usidhani ya kwetu itakaa sawa Dodoma venye ilikaa hapa.

Kuhusu ya Beck, wingi wa maswali sio kuchimba. Ile ya 1996 iko na hakimiliki, inauzwa, huwezi toa kopi tu ukasambaza, na kamati makini itakuuliza kibali. PHQ-9 ni bure, haihitaji ruhusa ya mtu. Mimi singehama.

Lakini mfano ningetaka uusome ni wa Muhimbili. Profesa Sylvia Kaaya na wenzake walichukua Hopkins, dodoso la dalili za sonona na wasiwasi lenye maswali 25, wakaijaribu kwa wajawazito wenye VVU pale Dar, matokeo 2002, na kiwango cha kuchuja (wastani wa skoa za maswali) kilichofaa kwa wale akina mama kilikuwa 1.06, wakati ile watu wamezoea kutumia kwingine ni 1.75. Wangebeba 1.75 vile ilivyo wangewaacha wagonjwa wangapi? Baadaye, 2008, wakatoa dodoso la hapo hapo Tanzania la maswali 19. Hiyo ndiyo kazi inanifanya niheshimu fani hii, mtu anakubali kwamba kipimo kilichotoka mbali kinafaa kuulizwa maswali na yeye.

Na hiyo ya polisi, kwetu Mahakama Kuu Januari 2025 ilisema kifungu cha 226 kinachofanya kujaribu kujiua kuwa kosa kinapingana na katiba. Bado watu wanaficha tu, sheria inabadilika haraka kuliko aibu.

Neema_Ushauri

Asanteni sana wakubwa, nimesoma yote nimekaa kimya kidogo. Nabaki na PHQ, na mkuu wa shule namtoa. Ila mtaalamu wa kuhoji walimu kwa ajili ya kulinganisha sina hela ya kumlipa. Nimesikia kuna kuwahoji watu wachache jinsi walivyoelewa maswali, hiyo inafanyikaje na jopo litaikubali?

Takwimu_Kwanza

Inakubalika na ni rahisi, inakugharimu muda tu. Chukua walimu kama kumi hadi kumi na tano wasiofanana, wa kike na wa kiume, wapya na wa siku nyingi, anayefundisha hesabu na anayefundisha Kiswahili. Unamsomea swali, anajibu, halafu unamwuliza: umelielewaje kwa maneno yako? Ulikuwa unafikiria nini ulipochagua "siku kadhaa"? Uliwaza siku ngapi? Kuna kitu kimekufanya usite? Usimfundishe jibu. Swali la sita lichunguze kwa makini maana limebeba mambo mawili, kujiona umeshindwa na kuiangusha familia, na mwalimu anayetuma hela nyumbani anaweza kujibu la familia tu akaliacha lingine. La hamu ya kula nalo, kama unakusanya wakati wa Ramadhani au mshahara umechelewa utapata kitu kingine kabisa. Likishaeleweka vibaya na watu kadhaa unalirekebisha, unarudia kwa wengine mpaka hupati jipya.

Hii haitakupa kiwango chako cha Dodoma, kwahiyo usitaje wangapi wana sonona. Ripoti wastani wa skoa na uhusiano wake na namna wanavyokabiliana, inatosha kabisa kwa masta.

Kaunsela_Wodini

Naongezea moja, wale waliokufuata nje warudie, sio kwa ajili ya data. Uliwasikiliza, wanakutegemea, waulize wanaendeleaje na waelekeze pa kwenda. Na dodoso usiliguse uwanjani kabla kamati ya maadili haijajibu, peleka marekebisho yote pamoja, tafsiri mpya, bahasha, mpango wa swali la tisa, na barua kwa mkuu wa shule inayosema kazi yake ni kukupa chumba na saa, fomu hashiki.