Sitaki kupungua, nataka tu nisizidi kunenepa. Tizi la nyumbani linatosha?

bi_mzani
Habarini jamani. Mimi sio mnene wa kutisha, uzito wangu kwa urefu wangu uko sawa, shida ni kwamba kila mwaka mzani unapanda kidogo, kilo moja hivi, mwaka mwingine haifiki, ila nguo ndo zinanisema. Kazi yangu ni ya kukaa kutwa nzima na jimu siwezi, watoto bado wadogo. Sasa nikipiga mazoezi nyumbani kama nusu saa na kupunguza msosi kidogo tu, sio zile daiti za kujinyima mpaka unaona nyota, itazuia? Au ndo umri, mwili umeshapoa? Nina 36. Wauza dawa za kukata tumbo mnipite tafadhali.

tizi_sebuleni
Itazuia dada, tena umewahi, maana kuzuia ni kazi ndogo kuliko kushusha. Piga hesabu, kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, gawanya kwa siku 365 unapata 21 hivi kwa siku. Yaani kwenye karatasi unazidisha kijiko kimoja na kidogo cha chai cha sukari!! Mwilini haiendi kwa kunyooka namna hiyo na hakuna mtu anayekula sawasawa kila siku, ndo maana wengi wanashauri upunguze 100 mpaka 200 ili uwe na nafasi. Sasa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia peke yake ni kama 120, na soda ya mililita 330 inakaribia 140. Anzia hapo, sahani yako usiiguse kwanza.

La umri mi siliafiki. Kuna utafiti mkubwa ulitoka jarida la Science 2021, watu zaidi ya 6,000, wakakuta kuanzia miaka 20 mpaka 60 hivi mwili unachoma nguvu kiwango kilekile ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, wanawake kwa wanaume. Mara nyingi kinachopungua ni kutembea.

kamba_tu
Hesabu za nini zote hizo, ruka kamba kila siku kula unachotaka, mwili wenyewe utajipanga.

nesi_wa_zamu
@kamba_tu hiyo labda kwa kijana wa kiume anayeshinda uwanjani. Mwanamke wa kilo 65 akitembea kwa haraka nusu saa nzima anatumia kama kalori 140, basi. Akimaliza njaa inauma, anajipongeza na glasi ya juisi, zimerudi zote, halafu kwa sababu "leo nimefanya mazoezi" anakaa kwenye kochi mpaka usiku. Mazoezi peke yake kushusha uzito ni kidogo mno, kazi kubwa inafanywa na chakula, wanaotangaza vinginevyo wana cha kuuza.

Ila bi_mzani usiyaache, kwa sababu yanatunza misuli, kiuno, presha na sukari hata mzani ukigoma kusogea. Shirika la Afya Duniani wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku 2, na kwenye miongozo yao ya 2020 lile sharti la dakika 10 mfululizo halipo tena, kwa hiyo hata vipande vifupi kati ya kazi na kazi vinahesabika, ngazi, skwati ukisubiri chungu kichemke, pushapu za ukutani, planki. Mazoezi ya tumbo yanakaza misuli ya tumbo ila hayachagui mafuta ya hapo yaondoke.

Na mzani usiupande kila siku ukajipa presha. Karibu na hedhi mwili unashika maji, kilo moja au mbili zinaweza kuja na kuondoka zenyewe. Pima asubuhi kabla hujala, linganisha mwezi kwa mwezi. Ukiona unapanda ghafla na uchovu, baridi isiyoeleweka, hedhi zinavurugika, nenda kapime thairodi, ile tezi ya shingoni. Unatumia uzazi wa mpango gani?

bi_mzani
Asanteni sana, soda nimeelewa 😅 nesi niko kwenye sindano ya miezi mitatu, kumbe nayo inahusika? Niiache?

nesi_wa_zamu
Usiiache tu hivihivi, utakuja kuuliza swali lingine hapa mwakani. Sio kila anayechoma ananenepa, ila baadhi ndiyo, na dalili inaonekana mapema, mtu akiongezeka zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 ya kwanza mara nyingi ndo huyo anayeendelea kupanda akibaki nayo. Kadi yako ya kliniki si inaandikwa uzito kila unapoenda? Angalia ulianza na ngapi, miezi 6 baadaye ulikuwa ngapi. Kama ulianza na 60 ukafika 64, hapo ongea nao wakubadilishie kabla ya tarehe ya kuchoma nyingine, kitanzi cha kopa (madini ya shaba, kinawekwa kwenye mfuko wa uzazi) kwa mfano hakina homoni kabisa, japo hedhi inaweza kuwa nzito zaidi mwanzoni. Kama iliongezeka nusu kilo tu, sindano haina kesi, rudi kwa yale mafuta ya kupikia.