Mjadala: Hesabu za hatari za Bwawa la Nyerere zifike mpaka Muhoro?

Wana Lindi na Mtwara, naleta hoja. Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto Rufiji, liko mbali nasi, lakini barabara yetu ya Dar es Salaam inavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na tuna ndugu wanaolima mpunga bondeni kule, chini ya bwawa, kama Muhoro. Mvua za Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, zilikata barabara hukuhuku Kilwa, tulionja kutengwa.

Wahandisi wa mabwawa makubwa siku hizi hawaishii kuuliza kama ukuta umefuata viwango. Wanataja kila namna bwawa linavyoweza kuharibika: maji kupenya chini ya msingi, tetemeko, mlango wa kutolea maji kukwama wakati wa mafuriko. Kila namna inakadiriwa uwezekano wake kwa mwaka, kisha watu watakaofikiwa na maji. Bwawa la Teton, Idaho, Marekani, lilibomoka 5 Juni 1976 ndiyo kwanza linajazwa. Uvujaji ulionekana asubuhi, ukuta ukaondoka kabla ya saa sita mchana. Walikufa 11 tu, maana kulikuwa na mwanga na watu waliambiwa wakimbie. Derna, Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili yalipasuka usiku, walikufa maelfu.

Kuwaonya watu mapema, basi, kumo ndani ya hesabu yenyewe. Mwenyekiti wa kijiji Muhoro asipojua maji yatamfikia baada ya saa ngapi, hesabu hiyo haijakamilika. Ibandikwe kwenye ofisi za vijiji, kwa Kiswahili.

Mchangiaji, Masasi: Kaka, hapo sikubali. Bandika uwezekano wa "moja kwa elfu kumi" kwa mwaka ukutani, mtu atasoma "bwawa linapasuka" auze shamba kwa bei ya kutupa. Tena makadirio hayo ni maoni ya wataalamu tu. Kumbukumbu za mto za miongo michache hazikuonyeshi mafuriko yanayotokea mara moja kwa miaka elfu kumi. Tujenge kwa kuhimili mafuriko makubwa kabisa yanayowezekana, basi.

Mleta hoja: Dada, kweli makadirio ni ya binadamu. Ila tazama Oroville, California, Februari 2017. Ukuta ulikuwa mzima. Zilizochimbika ni njia za kupitishia maji ya ziada, na watu zaidi ya 180,000 wakahamishwa. Mafuriko yale hayakuwa makubwa kabisa. Kutaja udhaifu mmoja mmoja ndiko kunakoibua mambo kama hayo mapema. Namba ya uwezekano nakuachia, ibaki kwa wahandisi. Ramani ya maji yatakapofika, muda wake, na mwinuko wa kukimbilia, hivyo siviachi. Wa Kilwa na Utete mnasemaje?